Mgonjwa wa figo: Tuulize kabla ya kumpa dafu au fatwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mteremshaji wa maradhi na shifaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Jabir (R.A.) anasimulia kuwa katika safari moja mtu alipigwa jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akawaambia kuwa wamemuua, na akafundisha kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Wale hawakuwa watu waovu. Walimpenda mwenzao na walitaka ibada yake isimame. Kosa lao ni kujibu bila ya elimu. Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu nami nilikaribia kufanya kama wao.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumzuru mzee mmoja wa msikitini kwetu, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Nilichukua madafu matatu na kichane cha ndizi mbivu. Binti yake akavipokea kwa adabu, akaviweka kando, kisha akasema: "Sheikh, utuwie radhi. Hivi hospitali wamemkataza baba." Yule mzee akatabasamu, akaniambia: "Ungeniuliza, sheikh, ningekwambia. Kesho ni siku yangu ya mashine na sina nauli."

Baadaye niliuliza, nikaelezwa. Figo ni viungo viwili, kila kimoja kadiri ya ngumi ya mwenyewe, na kazi yake ni kuchuja damu mchana na usiku. Madafu, ndizi, tende na maharage vina madini ya potasiamu kwa wingi. Mwenye figo nzima huyatoa ya ziada kwa mkojo. Kwa yule ambaye figo zimekufa hubaki katika damu, na yakizidi moyo huvurugika mapigo na unaweza kusimama ghafla. Zawadi yangu ingeweza kuwa mauti yake.

Basi aulizwe nani? Kwanza, daktari. Maradhi haya huja kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo asihisi kitu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambayo ndiyo visababishi vikubwa, aombe walau kila mwaka kupimwa kreatinini katika damu na protini katika mkojo. Akikutwa nayo, aulize yuko hatua ya ngapi kati ya tano, maana mwenye hatua za mwanzo anaweza kuzilinda figo zake kwa miaka mingi. Aulize pia kabla ya kumeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na kabla ya kunywa miti shamba isiyojulikana kipimo. Hata birimbi zetu za pwani si za kuchezea: huko India wako walioharibika figo kwa kunywa maji yake mazito.

Pili, wauguzi na wataalamu wa lishe. Hao ndio watakaomwambia maji anywe kiasi gani kwa siku na chakula kipi apunguze, kwani kipimo cha huyu si cha yule.

Tatu, wagonjwa wenzake. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Aliyeketi kiti cha jirani kwa miaka ni madrasa iliyo hai. Atamfundisha namna ya kuikata kiu kwa kikombe kidogo, na namna ya kuulinda mkono wenye mshipa wa mashine, usibebeshwe mzigo wala usipimiwe presha. Kuhusu gharama, amuone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, aulize bima na msamaha, wala asione haya.

Nne, wanazuoni. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Madaktari wanamhesabu anayesafishwa damu kuwa katika hatari kubwa akifunga. Ambaye kupona kwake hakutarajiwi hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Asijione kuwa amepungukiwa, kwani kupokea ruhusa ya Mola wake nako ni utiifu. Nasi masheikh tusitoe fatwa kabla ya kusikia kauli ya daktari wake.

Wengi pia huuliza kuhusu kupandikizwa figo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti: mtoaji aridhie kwa hiari, asipate madhara ya kuharibu maisha yake, na kiungo kisiuzwe. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Familia inayolifikiria jambo hili ianze kuuliza huko, na ndugu yeyote asilazimishwe kwa aibu.

Mwisho, sisi jamaa na majirani. Tunapomzuru mgonjwa tumuulize: siku zako za mashine ni zipi? Nani anakusindikiza? Nauli unayo? Asiyejiweza ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na kamati ya msikiti inaweza kupanga zamu ya kumpeleka na kumrudisha. Siku moja akikosa kusafishwa, sumu na maji huanza kujaa mwilini mwake.

Yule mzee nilimpeleka mwenyewe kesho yake. Madafu wakanywa wajukuu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuuliza tusiyoyajua. Amin.