Kivuli Gatini Casilda

Kuna picha ya Novemba 6, 1962 ambayo imekataa kunitoka akilini. Ilipigwa kutoka angani juu ya bandari ya Casilda, Cuba, Warusi walipokuwa wakipakia makombora melini kuyarudisha kwao. Watu wanaonekana, magari yanaonekana, na kwenye kona ya chini kimelala kivuli cha ndege yenyewe iliyopiga picha hiyo, RF-101 ya jeshi la anga la Marekani. Ndege iliyopita kwa kasi ile iliwezaje kuleta picha safi namna hii?

Chukua ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, mita 300 juu ya ardhi. Kila sekunde inameza mita 250. Hata shata ya kamera ikifunguka kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, ndege imekwisha kusogea sentimita 25. Ndani ya kamera yenye lenzi ya milimita 150, taswira ya ardhi inateleza juu ya filamu sentimita 12 na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo mafundi waliamua filamu nayo itembee. Shata ikiwa wazi, filamu inavutwa upande uleule, kwa kasi ileile, hata ikawa na taswira kama abiria wawili wa basi moja. Kisha inasogezwa, shata inafunguka tena, karibu mara 3 kila sekunde, ili kila picha irudie zaidi ya nusu ya eneo la iliyotangulia. Msomaji wa picha akiziweka mbili sambamba chini ya lenzi zake, lori linainuka kutoka kwenye karatasi na kimo chake kinapimika.

Cha ajabu, kivuli ndicho ambacho ujanja huu haukisaidii. Ardhi imetulizwa, kivuli kinakimbia na ndege. Kimeteleza kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini rubani akiipa kamera kasi au kimo kisicho sahihi, kila kitu kinakuwa ukungu, na hatajua mpaka filamu isafishwe.

William Ecker aliruka katika hali hiyo Oktoba 23 mwaka huohuo, siku ya kwanza ya safari za chini juu ya Cuba. Alikuwa kamanda wa VFP-62, kikosi cha picha cha jeshi la majini, na ndege yake, RF-8A Crusader, ilibeba kamera bila bunduki hata moja. Alivyosimulia, yeye na mwenzake waliondoka Key West wakiambaa na maji, wakapanda hadi futi 1,000 hivi walipofika San Cristóbal, wakapiga picha, wakageuka. Walitua Jacksonville, filamu zikashushwa kwenda kusafishwa, naye akaamriwa kuruka hadi Washington na mavazi yaleyale. Mbele ya wakuu wa majeshi aliomba radhi kwa jasho lake. Jenerali Curtis LeMay akamjibu kuwa rubani ndivyo anavyopaswa kunuka, akamwambia akae.

Sinema ya Thirteen Days ya mwaka 2000 inaonyesha ndege ya Ecker ikitobolewa na risasi. Mwenyewe alikanusha: haikuguswa. Ninampenda kwa hilo. Alikwenda kuleta ushahidi, na hakutaka utiwe chumvi, hata chumvi ya kumfanya shujaa zaidi.

Simulizi za marubani huishia mlangoni mwa maabara. Je, waliokuwa wakitia filamu zile kwenye dawa, gizani, waliambiwa wameshika nini?

Na walichoshika kingeweza kutumika kwa njia mbili. LeMay alikuwa akishinikiza Cuba ipigwe mabomu. Picha zilezile zilizompa Rais Kennedy uhakika wa kuendelea kuzungumza na Warusi ndizo ambazo zingewaonyesha marubani wa mabomu mahali pa kulenga. Kama LeMay angesikilizwa, Ecker angezisimulia vipi zile sekunde zake juu ya San Cristóbal?