Aliyejikondesha asimlaumu msusi nywele zikimng'oka

Mimi ni daktari wa isimu, wala si daktari wa maradhi, na majirani zangu wamekwisha kulifahamu hilo baada ya kunibishia mlango mara mbili usiku wa manane watoto wao wakiwa na homa. Ninayoyaandika leo basi nimeyapata kwa njia ya taabu. Yametokana na kisa kilichonifika mwenyewe, kisa ambacho chanzo chake, kwa aibu yangu, kilikuwa kosa la kitenzi.

Januari mwaka uliopita niliambiwa kwamba shinikizo langu la damu limepanda na kwamba yafaa nipunguze uzito. Ushauri wenyewe ulikuwa wa busara. Namna nilivyoutekeleza ndiyo iliyokosa busara. Asubuhi nilikunywa turungi bila sukari. Mchana nikala kabichi ya kuchemsha au sukuma wiki isiyotiwa hata tone la mafuta. Jioni turungi tena, pamoja na tufaha moja. Ugali niliupiga marufuku. Nyama na maziwa vikafuata, kisha hata maharagwe, ambayo hayakuwa na kosa lolote. Katika muda wa wiki kumi na mbili nilipungua kilo 15. Wenzangu idarani walinisifu kana kwamba nimechapisha kitabu.

Mwishoni mwa Aprili nywele zikaanza kutoka. Kitana kilijaa asubuhi, foronya ikajaa usiku, na maji ya bafuni yakakataa kupita. Ikawa najifunga kitambaa hata ndani ya nyumba yangu, na darasani nikaacha kuwapa wanafunzi kisogo ninapoandika ubaoni.

Wiki mbili kabla ya hapo, msusi wangu wa miaka tisa alikuwa amenitia dawa ya kulainisha nywele. Mshukiwa akawa amepatikana bila upelelezi. Nilimwendea na nywele zangu ndani ya bahasha, mithili ya mtu apelekaye ushahidi mahakamani, nikamwambia mbele ya wateja wake: "Dawa yako imenikata nywele." Hakujibu upesi. Alizitandaza juu ya taulo jeusi, akainama, akaushika mmoja kwa ncha za vidole. "Mwalimu," akasema, "hizi hazikukatika. Zimeng'oka. Tazama kichwa hiki cheupe hapa mwisho. Kwani ulikuwa unaumwa?" Nilihamaki. Nilidhani ananikwepa, na tena ananitangazia ugonjwa mbele za watu. Nikatoka bila kumlipa hata ujira wa siku ile ya dawa, ambao nilikuwa nadaiwa bado.

Sasa msomaji anisamehe nirejee kidogo kwenye kazi yangu. Kukatika ni kauli ya kutendeka inayotokana na kukata: kitu hukatika mahali popote, na kipande chake kimoja husalia kilipokuwa. Kung'oka kumetokana na kung'oa, na king'okacho hutoka na shina lake. Kupukutika ni kwa majani ambayo muda wake umefika. Kunyonyoka twamwachia kuku, ingawa kamusi haziwakatazi binadamu. Lugha imetupa vitenzi hivi vyote, lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku hapa Kenya karibu kila nywele "zinakatika", na kwa kuwa tumesema zimekatika, tunaanza kumtafuta aliyezikata. Dawa kali na moto wa kunyooshea huzikata nywele kweli; vipande hivyo huwa vifupi, vya urefu usiolingana, na havina shina. Zangu zilikuwa ndefu, nzima, na kila mmoja una kijidoa cheupe mwishoni. Mtu ambaye huenda hajawahi kusikia habari za kauli ya kutendeka alikuwa amenisahihisha mimi niifundishaye.

Wiki tatu baadaye, baada ya chupa nne za mafuta ya bei ya kutisha, nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Naye alizishika nywele chache akazivuta polepole, akatazama mashina yake, kisha akaniuliza jambo ambalo wauza mafuta hawakuniuliza: "Miezi mitatu iliyopita ulikuwa ukifanya nini?"

Kichwa cha binadamu huwa na nywele zipatazo 100,000, na kila unywele hufuata kalenda yake. Hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha hung'oka ili kuupisha mwingine. Wakati wowote ule, nywele 85 hadi 90 katika kila 100 huwa zinakua na zilizosalia zimepumzika. Ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si maradhi. Mambo huharibika mwili unapopatwa na mshtuko: homa kali, kujifungua, upasuaji mkubwa, au njaa. Hapo nywele nyingi zilizokuwa zikikua huacha kazi kwa pamoja na kuingia mapumzikoni. Hazing'oki siku hiyo. Hujishikilia kwa miezi miwili au mitatu, na zikitoka hutoka pia kwa pamoja, kutoka kila upande wa kichwa. Mtaalamu wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, ndiye aliyeieleza hali hii mwaka 1961 na kuipa jina la telojeni efluviamu, ambalo sehemu yake ya pili ni Kilatini chenye maana ya mtiririko. Sisi tungesema mpukutiko, tukamaliza.

Ucheleweshaji huo ndio unaotupotosha. Mwenye nywele hukumbuka lililotokea wiki iliyopita, yaani dawa, sabuni mpya, au shemeji aliyemtazama vibaya, ilhali lililozing'oa alilifanya msimu mwingine na pengine alipongezwa kwa kulifanya. Mwili nao haujui kwamba mwenyewe anataka kuingia katika rinda la harusi. Unachofahamu ni kwamba chakula kimeadimika, na katika dhiki hiyo moyo na ubongo hupata mgao wa kwanza. Shina la unywele, ambalo chembe zake hugawanyika kwa kasi kubwa na hivyo kuhitaji chakula kingi, hunyimwa mapema, maana hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa nywele.

Hili si jambo la kukisia. Kuanzia Novemba 1944 hadi mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachunguza wanaume 36 wenye afya waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walilishwa kalori zipatazo 1,570 kwa siku, wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wote, walikasirika ovyo, waliota vyakula, na nywele zao zikapukutika. Nilipozisoma takwimu hizo nilicheka kwa uchungu. Ratiba nyingi za kukonda wanazopeana wanawake wa siku hizi huagiza kalori 1,200, na yangu haikufika hata hapo.

Uchache wa chakula hauji peke yake. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na mtu mzima hushauriwa kula walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Mimi niliyekuwa na kilo 80 wakati huo nilihitaji gramu 64. Yai moja lina gramu sita hivi. Kabichi ya gramu 100 ina moja na chembe. Hesabu hiyo hata mwanaisimu aiweza. Bara hili limejua kwa muda mrefu nywele zinavyosema habari za lishe: Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, mwaka 1935 aliwajulisha madaktari wa ulimwengu jina la kwashiorkor, neno la Kiga, lugha ya watu wa Accra, kwa maradhi ambayo Kiswahili huyaita unyafuzi. Nywele za mtoto mwenye unyafuzi huwa nyembamba, hafifu na zenye wekundu. Mimi sikufikia hapo. Hata hivyo nilikuwa mtu mwenye mshahara, nikiishi hatua chache kutoka soko lililojaa omena, ndengu na mayai, na nikijinyima kwa hiari kile ambacho mama wa mtoto yule angekitoa iwapo angekuwa nacho.

Damu yangu ilipopimwa, akiba ya madini ya chuma ilikuwa imeshuka. Wanawake wapatao hedhi huipoteza akiba hiyo kila mwezi, na chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili usiyafyonze madini yaliyomo mbogani. Sukuma wiki yangu na turungi yangu zilikuwa zikipigana vita tumboni.

Lakini swali lililonikaa moyoni zaidi lilikuwa jingine. "Je, ulikusudia kukonda," aliuliza daktari, "au ulikonda tu?" Tofauti hiyo si ya kisarufi. Aliyekonda bila kukusudia, na nywele zikamtoka, huenda ana ugonjwa mmoja uliozaa yote mawili: tezi ya shingoni iitwayo thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu, kisukari, au virusi vya Ukimwi. Huyo asipewe mafuta wala hongera, apimwe. Nasi twajua kwa nini wengi husitasita. Maradhi ya Ukimwi yalipoelezwa nchini Uganda katika jarida la kitabibu mwaka 1985, wenyeji walikuwa tayari wameyabandika jina la "Slim", yaani wembamba, na tangu wakati huo neno kukonda katika Afrika Mashariki halijaweza kutamkwa bila mtu kugeuza shingo. Leo dawa za virusi hivyo zipo na aliyeanza kuzitumia mapema huishi maisha marefu, lakini minong'ono haijapata dawa. Wapo wanaojifunga vitambaa na kukaa nyumbani miezi mingi kwa kuiogopa minong'ono hiyo, na miezi hiyo ndiyo wanayoihitaji.

Kuhusu vidonge vya nywele, nitasema machache. Upungufu wa biotini ni nadra kwa mtu alaye chakula cha kawaida, na mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi mwilini huweza kupotosha majibu ya maabara. Anayevimeza amwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Vitamini A ikizidi, yenyewe hung'oa nywele. Na zile sindano za kukondesha zilizowashika watu akili? Katika majaribio ya Wegovy, watu 3 katika kila 100 waliripoti kupoteza nywele, ikilinganishwa na 1 katika 100 miongoni mwa waliopewa dawa bandia, na waliopungua sana ndio walioathirika zaidi. Kasi ya kukonda, basi, haikosi lawama hata huko.

Wala nisieleweke kwamba wasusi wote ni malaika. Nywele zikitoweka kwenye paji la uso na juu ya masikio, huenda misuko imevutwa mno kwa miaka. Upara ukianzia utosini na kupanuka, huenda ni ugonjwa unaoua vinyweleo, na kinyweleo kilichokufa hakiotesho tena. Hao wasingoje. Mpukutiko wa njaa, kwa upande wake, hukoma ndani ya miezi sita hivi chanzo kikiondolewa, nao unywele hurudi kwa takriban sentimita moja kwa mwezi, wetu ukikawia kidogo kuliko huo.

Niliagizwa nile mayai, ndengu na samaki, ninywe chai mbali na chakula, nimeze vidonge vya madini ya chuma, na nipungue nusu kilo kwa wiki badala ya kuporomoka. Shinikizo la damu limeshuka pia, jambo ambalo ndilo lililokuwa shabaha tangu mwanzo.

Septemba nilirudi saluni. Msusi wangu alikuwa anamsuka binti mdogo, akaniashiria niketi, wala hakutaja bahasha. Zamu yangu ilipofika nilivua kitambaa, nikamwomba radhi mbele ya wateja, kwa kuwa mbele ya wateja ndipo nilipomtuhumu. Alivipapasa vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji la uso wangu. "Zimeota, Mwalimu," akasema. "Leo sitakusuka. Ziache miezi miwili." Nikamlipa ule ujira wa Aprili.