Kuruka ni vizuri, kutua ni kazi

Wamama, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi hapa hapa, aliingia NBA mwaka 2011. Mabinti wetu nao wanataka kuruka juu kama yeye. Waruke! Mazoezi hayaombi pesa: kamba, au kuruka miguu miwili pamoja, ikigusa chini inaondoka mara moja kama mpira.

Lakini umtazame binti akishuka. Katika basketi, wasichana hukatika kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Magoti yake yakiegemea ndani, asiruke juu zaidi kwanza. Ajifunze kutua bila kishindo, magoti yamekunjwa na yameachana. Nyasi ni bora kuliko sima. Mara mbili kwa juma yatosha, na si siku aliyobeba bidoni za maji tangu asubuhi.