Meno ya Arusha na Mirunda Iliyochelewa Kutolewa

Mama mmoja wa Maji ya Chai, Arusha, ametuuliza swali. Mwanawe ana miaka minane, anapiga mswaki asubuhi na jioni, na bado meno yake mapya ya mbele yameota na mabaka ambayo sasa yanageuka kahawia. Anakosea wapi? Hakosei popote. Kasoro ile iliandaliwa ndani ya taya, wakati mtoto hajajua hata kushika mswaki.

Kwamba maji ya kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, wakazi wengi wanajua, kwa hiyo nitapita haraka. Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ina sodiamu na floridi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya humo huziyeyusha zote mbili. Kama yangekuwa na kalsiamu nyingi, floridi ingeshikana nayo ikatuama chini. Maji ya Meru yana kalsiamu kidogo, basi floridi inabaki humo hadi bombani na kisimani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi upande huu vinavuka kiwango hicho mara kadhaa.

Utamu wa habari yote uko ndani ya taya.

Enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, ikikomaa huwa na madini kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake. Ni fuwele za kalsiamu, fosfeti na haidroksili. Lakini haianzi ikiwa jiwe. Huanza ikiwa laini, imejaa protini iitwayo amelojenini: mnyororo wa asidi amino zipatazo 175, zilizochotwa kwenye akiba ileile ya asidi amino 20 inayojenga misuli, nywele na hata protini ya maharage. Kinachoifanya iwe amelojenini ni mpangilio tu, ipi inatangulia na ipi inafuata. Na molekuli hii iliyopangwa kwa uangalifu wote huo imeundwa ili ibomolewe.

Vitabu vinaiita protini ya matriksi, jina lisilomwonyesha msomaji chochote. Nilijaribu "kiunzi", lakini kiunzi hubaki ndani ya jengo. Naiita protini-mrunda, na fundi yeyote wa Sakina au Njiro ataelewa kwa nini. Huwezi kumwaga zege la ghorofa hewani. Unatanguliza mirunda na mbao, zinashikilia nafasi na kulipa zege umbo, kisha zinatolewa. Mwenye nyumba akihamia haoni hata mrunda mmoja. Ndivyo amelojenini inavyozishikilia fuwele changa, ndefu na nyembamba mno, kila moja mahali pake. Tofauti ni kwamba katika jino mirunda hutolewa huku zege likiendelea kumwagwa. Kimeng'enya kimoja huanza kuikata protini mapema, kingine hufuata na kuimaliza, seli zinameza vipande, na kila nafasi inayoachwa wazi fuwele hunenepa na kuijaza. Kila kipande kinapaswa kuondoka kwa wakati wake, la sivyo zege litakauka likiwa na mbao ndani na mashimo pembeni mwake.

Floridi huvuruga ratiba hiyo. Mtoto anakunywa maji, floridi inasafiri kwa damu hadi kwenye taya na kuziharakisha fuwele kuganda. Fuwele zinapoganda hutoa asidi, na seli zinalemewa na kazi ya kuituliza. Utoaji wa protini unachelewa. Jino linaota likiwa na uso uliofunga vizuri, ila chini yake kuna vitundu visivyojaa madini. Mwanzoni mabaka huwa meupe kama chaki. Ukahawia huja baadaye, rangi za chai na vyakula zinapopenya humo. Ukarabati haupo, kwa sababu seli zilizojenga enameli hufa jino linapoota. Kwa meno ya mbele, miaka minne ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi.

Je, mtoto aiache dawa ya meno yenye floridi? Hapana. Ujenzi ukishakwisha, floridi kidogo juu ya jino ni kinga. Ioni yake inakaribiana kwa ukubwa na haidroksili na ina chaji ileile, basi inachukua nafasi yake ndani ya fuwele. Enameli ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye pH ya takriban 5.5, yenye floridi hustahimili hadi karibu 4.5. Mtoto apige mswaki, ateme, asimeze.

Kubadilishana nafasi huko ndiko kunakotumiwa kuondoa floridi kwenye maji katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe ina madini ya jamii ileile ya enameli. Ikichomwa kwa joto la wastani hubaki na uwezo wa kunasa floridi. Ikizidishiwa moto uwezo huo hushuka, na ikichomwa kidogo maji hutoka na harufu. Maji yakipitishwa humo, floridi hunaswa na mfupa wa ng'ombe kabla ya kufika kwenye taya la mtoto.

Kwa mama wa Maji ya Chai, ikiwa mtoto huyo ana mdogo wake nyumbani: kuchemsha hakuondoi floridi, maji yanapungua na floridi inabaki palepale, hivyo huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana floridi kidogo sana. Yachemshe kuua vijidudu, kisha umpikie na kumnywesha hayo. Na makande yake yaive kwa moto na subira bila magadi, kwa kuwa magadi ya maziwa ya ukanda huu nayo hubeba floridi.