Paka Hujilamba, Kwa Hivyo Chunga Unachompaka

Je, paka wako hujilamba asubuhi hadi jioni, nawe unashangaa ana nini? Usimkaripie. Ulimi wake una vimiiba vigumu kama kucha, navyo ndivyo kitana chake. Huondoa vumbi, manyoya yaliyokufa na hata viroboto. Manyoya mengine huyameza, ndiyo sababu mara nyingine hutapika donge la manyoya sebuleni. Mchane mara moja au mbili kwa juma, utamsaidia.

Naye akikukanda mapajani kama anayekanda unga wa chapati, ni mazoea ya utotoni. Hivyo ndivyo alivyokanda titi la mamake ili maziwa yatoke.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hukosea. Paka akiingiwa na viroboto, hupakwa dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mbwa. Baadhi ya dawa hizo zina permethrini. Mbwa huistahimili, lakini mwili wa paka hushindwa kuiondoa, na akijilamba huimeza pia. Hutetemeka, hushikwa na kifafa, na huenda akafa. Mafuta ya taa nayo ni sumu kwake.

Ikiwa tayari umempaka, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo. Akuchagulie dawa ya paka.

Na ukiona paka wako ameacha kabisa kujilamba, usifurahi. Huyo ni mgonjwa.