Riwaya ya mauaji kabla ya kulala

Ni saa nne usiku Bombambili, mjini Songea. Baridi ya Julai imekuingiza kwenye blanketi mapema, na mkononi una riwaya. Maiti imeokotwa ukurasa wa tatu, inspekta ameanza kuhoji watu. Unajiambia unamaliza sura hii tu. Unaposhtuka, majogoo yanawika.

Usijidhanie mgonjwa. Wasomaji wa Kiswahili walimpenda Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na mwaka 1965 Faraji Katalambulla akawapa Simu ya Kifo. Unaposoma, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hudunda, viganja hulowa jasho. Akili lakini inajua uko salama kitandani. Raha huzaliwa hapo katikati.

Kusoma kwenyewe kuna faida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliofuatilia watu 3,635 wenye miaka 50 na zaidi walieleza mwaka 2016 kuwa wasomaji wa vitabu waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wasiosoma, kwa wastani. Hiyo haina maana kwamba kitabu ni dawa, ila si haba.

Tatizo ni saa. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi; ukiukosa mara kwa mara, shinikizo la damu hupanda. Ukisindikiza kitabu na kahawa ya Mbinga, ndiyo kabisa. Soma jioni, na ufunge kitabu katikati ya sura. Usisubiri mwisho wake, maana hapo ndipo mwandishi ametega mtego.

Wapo ambao kwao hata jioni ni hatari. Jirani yangu, askari mstaafu, alisoma ukurasa mmoja kuhusu mtoto aliyeuawa, akakaa wiki mbili bila kulala vizuri. Kumbe aliwahi kuliona tukio kama hilo kazini, na hakumwambia mtu. Ukijiona hivyo, yaani picha zinajirudia, unashtuka ovyo, unaanza kutafuta pombe ili upate usingizi, acha kitabu na umwone mtaalamu wa afya ya akili. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, watakuelekeza.

Yeye alikwenda, baada ya mkewe kumsukuma. Sasa analala. Kitabu chake ninacho mimi, na hajakiulizia.