DAWA YA NJAA NI CHAKULA

Mama mjamzito mwenye shinikizo la damu, au kisukari cha mimba, au upungufu wa damu, hupewa shauri jema na mganga: ale mboga za majani, matunda na kunde. Lakini shauri lisilo na fedha ya kulitimiza ni ndoo isiyo na kamba, na kisima ni kirefu.

Huko Marekani, nchi yenye utajiri mkubwa, wako akina mama wengi ambao ujira wao huishia katika kodi ya nyumba. Kwa sababu hiyo baadhi ya zahanati huwaandikia cheti cha mboga na matunda, nao hukipeleka sokoni kama wapelekavyo cheti cha dawa. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ilitenga fedha za Serikali kwa mipango ya namna hiyo.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960, huko Mound Bayou katika jimbo la Mississippi, Dakta Jack Geiger na wenzake waliwakuta watoto wa vibarua weusi wamedhoofika kwa njaa. Mashine za pamba zilikuwa zimewanyang'anya wazazi kazi. Waganga wakaandika vyeti vya chakula. Maduka yakatoa chakula, na hesabu ikalipwa kwa fungu la dawa la kituo. Wakubwa wa Serikali waliponung'unika, Geiger aliwajibu kwamba tiba ya utapiamlo iliyomo vitabuni ni chakula.

Hata hivyo watu wa Mound Bayou hawakuridhika kula kwa cheti siku zote. Mwaka 1968 walianzisha ushirika wa kilimo, North Bolivar County Farm Cooperative, wakalima mboga kwa mikono yao na kulisha mamia ya jamaa. Hapo ndipo penye fundisho.

Ndugu wafanyakazi, sisi hatumbezi mganga anayeandika cheti. Ameuona ugonjwa ulipo. Lakini mingi ya mipango hii ni ya miezi michache tu. Mtoto azaliwapo, cheti kimekwisha, na njaa ingali mlangoni ikimngoja mama anyonyeshaye. Twasema cheti na kiwe mwanzo. Nyuma yake hapana budi pawepo ujira wa haki, ardhi na ushirika, ili mama ale kwa jasho la jamaa yake, wala si kwa hisani.